Tofauti, Hitilafu, Mfarakano: Kila Neno na Pahali Pake



Juma hili tumekusudia kuzungumza juu ya maneno tunayoyatumia kutaja kutolingana kwetu. Kiswahili kimejaaliwa maneno mengi ya jambo hili: tofauti, hitilafu, mabishano, mvutano, ugomvi, mzozo, nizaa, mfarakano, uhasama, utengano. Watoto shuleni hufundishwa kwamba haya ni visawe, yaani maneno ya maana moja au ya maana zinazokaribiana. Kwa mtihani hilo latosha. Kwa nyumba yenye mume, mke na watoto halitoshi, kwani maneno haya hayakulingana uzito, na mwenye kulichukua moja akaliweka pahali pa jenzake aweza kuvunja asichokusudia kukivunja.

Kilichotusukuma kulileta jambo hili ni maswali yanayotufikia kutoka kwa jamaa zetu walioko Thika na Ruiru. Watu wetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na Kwale wamehamia huko kwa kazi na biashara, na mabinti zetu kadhaa wameolewa na Waislamu wa huko huko bara. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha mezani na chumbani. Lakini Kiswahili cha mama aliyelelewa Mji wa Kale si kile cha baba aliyekulia Thika, na pale wawili hawa wanapokosa kuelewana, kila mmoja hulitaja jambo lao kwa neno lake.

Tuanze na neno lililo jepesi kuliko yote, nalo ni tofauti. Tofauti ni kutofanana tu. Haina kosa ndani yake wala haina mkosaji. Anayetaka kuiona kwa macho na aitazame mito ya huko. Mji wa Thika una mito miwili, Chania na Thika, na kila mmoja una maporomoko yake karibu na hoteli kongwe ya Blue Posts. Chini kidogo ya hapo mito hiyo hukutana, na maji yake huingia katika Mto Tana, yakapita Garissa na Garsen mpaka yakamwagika baharini kwetu upande wa Kipini. Mto Ruiru nao hauelekei huko. Maji yake huingia katika Mto Athi, ambao ukishuka huitwa Galana, kisha Sabaki, ukaingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Miji hii miwili iko kwenye barabara moja, mwendo mfupi wa gari kati yake, na maji yake yameachana njia yakazunguka nchi nzima, kisha yakaishia katika bahari moja. Tazameni hapo tumesema "yameachana", na hakuna aliyeandika talaka. Neno hilo tutalirudia.

Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Surat Rum, aya ya 22, kwamba kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu ni miongoni mwa ishara zake, sawa na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Kwa hivyo mke wa Kimvita akisema "ndoo" akimwita mtoto aje, na mtoto aliyezaliwa Ruiru akaenda kumletea ndoo ya maji, hapo pana tofauti ya lahaja na pana kicheko, basi. Haikupasa kuitwa ujinga wa mtoto wala ushamba wa mama. Kiswahili sanifu chenyewe kilichaguliwa mwaka wa 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, na lahaja iliyochukuliwa kuwa msingi wake ikawa Kiunguja. Kimvita hakikufa kwa uamuzi huo, na hakuna aliyeharamisha kukisema nyumbani.

Neno la pili ni hitilafu. Hili lina kisa cha kupendeza kwa wenye kujua Kiarabu kidogo. Katika aya hiyo ya Surat Rum, neno la Kiarabu lililotumika kwa kutofautiana ni ikhtilafu, asili ya hitilafu yetu, na huko ni neno la sifa. Neno tofauti nalo asili yake ni tafawuti, lililotajwa katika Surat Mulk, aya ya 3, ambapo Mola amekanusha kwamba yaweza kuonekana tafawuti yoyote katika uumbaji wake. Yaani kasoro, kutowiana. Sisi Waswahili tuliyapokea maneno yote mawili, tukayapa kazi upya. Tofauti tukaifanya ya kawaida, na hitilafu tukaiegemeza upande wa kasoro. Umeme ukikatika Thika husemwa pana hitilafu ya mitambo. Hakuna asemaye pana tofauti ya mitambo.

Basi mume akimwambia mkewe, "Mimi na wewe tuna hitilafu," mke aweza kusikia kwamba pana kitu kilichoharibika, ilhali mume alitaka kusema tu kwamba rai zao hazikulingana. Na kwa wanavyuoni, kuhitilafiana kwa rai hakukuwa uharibifu. Imam Shafi alisoma kwa Imam Malik mjini Madina, kisha akahitilafiana naye katika mas'ala mengi, na leo twawaombea wote wawili rehema. Hitilafu ya namna hiyo yahitaji mambo mawili: ujuzi na adabu. Vikikosekana, hitilafu hugeuka kuwa jambo jingine.

Jambo hilo jingine ndilo fungu la tatu, na lina maneno mengi kuliko mafungu yote: mabishano, mvutano, mzozo, ugomvi, nizaa. Mabishano ni ya hoja: huyu atoa yake na yule atoa yake. Mvutano ni wa matakwa: mke ataka watoto wasome madrasa jioni, mume ataka wasaidie dukani, na kila mmoja avuta kamba upande wake. Mzozo una kelele, majirani huusikia. Ugomvi una hasira, na mara nyingi una maneno ya kuumiza. Nizaa ndiyo iliyokatazwa katika Surat Anfal, aya ya 46, ambapo waumini wametahadharishwa kwamba wakizozana watavunjika moyo na nguvu zao zitapotea. Aya hiyo ilishuka kwa ajili ya jeshi vitani, lakini ni nani asiyejua nyumba iliyopotewa na nguvu kwa mzozo wa kila usiku? Hata hivyo, wazee wetu wamesema wagombanao ndio wapatanao. Ugomvi ni moto, na moto huzimika.

Fungu la nne ni mfarakano na uhasama. Hapa moto umezimika na baridi imeingia. Wenye kufarakana hawapigi kelele tena. Huyu ala peke yake, na yule hapokei simu. Mama mkwe akifa, mkwewe haendi matangani. Uhasama ni mfarakano ulioongezewa nia ya kudhuru. Ugomvi wa dakika kumi ukiitwa mfarakano, wenyewe husadiki, wakaanza kuishi kama waliofarakana kweli.

Hapa twataka mama zetu na dada zetu watusikilize kwa makini, kwa sababu wao ndio wanaopokea na kupeleka habari za ukoo. Mara nyingi maneno haya hupandishwa daraja njiani. Binti aliyeko Ruiru amwambia dadake kwa simu, "Leo mimi na baba watoto hatukuelewana." Dada amwambia shangazi, "Wamegombana." Shangazi atuma ujumbe wa sauti kwa jamaa wa Kisauni, "Wale hawasemezani." Jioni mama mzazi apigiwa simu na jirani aliyejaa huruma, "Pole mama, tumesikia mwanao ameachika." Hakuna hata mmoja kati yao aliyekusudia uongo. Kila mmoja alichukua neno lililo karibu na lile alilopewa, na kila mara neno lilikuwa zito kidogo kuliko la kwanza. Binti huyo na mumewe huenda wakati huo wanakula chakula cha usiku pamoja. Kesho yake asubuhi simu zaanza kumiminika, mume auliza ni nani aliyetangaza kwamba amemwacha mkewe, na hapo ndipo ugomvi wa kweli waanza.

Sasa tulirudie lile neno tuliloliahidi. Imetufikia habari ya nyumba moja, na majina tumeyasitiri kwa kuwa sitara ya Muislamu ni amana. Mke ni wa Mombasa, mume ni mwenyeji wa Thika, na wakaa Ruiru. Walibishana juu ya karo ya shule mpaka usiku ukawa mwingi. Mume, aliyekuwa aamke mapema kwenda kazini, akasema, "Basi, tuachane," akageukia ukutani akalala. Kwa desturi ya maneno ya huko alikozaliwa, alikuwa amesema "tuachane na hayo", yaani tuyaache mazungumzo haya, tulale. Mke alisikia lile neno ambalo mamake na nyanyake hulitumia kwa maana moja tu baina ya mume na mke. Hakulala. Alfajiri mume alipotoka, naye alifunga nguo zake, akawachukua watoto, akapanda basi la Mombasa. Alipofika kwa mamake alisema, "Nimeachwa." Juma zima lilipita akihesabu eda, na mume akidhani mkewe amesusa kwa sababu ya karo. Maneno mawili tu yalikosekana usiku ule: "na hayo". Walipoketishwa na wazee wa pande mbili, mume akaulizwa alitamka nini na alikusudia nini, lilibainika, alhamdulillahi, na mke akarudi kwake. Watoto walikuwa wamekosa masomo juma zima.

Je, sharia yasemaje katika jambo kama hili? Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani twayafuata, matamshi ya talaka yamegawanywa mafungu mawili. La kwanza ni sarihi, yaani matamshi yaliyo wazi, ambayo mume akiyatamka kwa akili yake na hiari yake haulizwi nia. Kwa Kiarabu wanavyuoni wameyataja matatu: talaka, firaki na sarahi, na yote yana asili katika Qur'ani Tukufu. La pili ni kinaya, yaani matamshi yenye kuchukua maana zaidi ya moja, kama kumwambia mke "nenda kwenu". Haya hayawi talaka ila mume awe amekusudia talaka alipoyatamka. Kwa hivyo huulizwa.

Angalieni kwamba firaki, mojawapo ya yale matatu, ni ya mzizi ule ule uliotupa faraka na mfarakano. Hatusemi kwamba kila Mswahili asemaye "tumefarakana" ametoa talaka; katika lugha yetu neno hilo lina matumizi mapana, hata vyama vya siasa hufarakana. Twasema tu kwamba maneno ya kutofautiana na maneno ya kuvunja ndoa ni jamaa wa ukoo mmoja, na anayeyachezea hayo ya kwanza akae akijua kwamba ya pili yako chumba cha pili.

Ama maneno yetu ya Kiswahili, yatazamwe kwa umbo lake pia. "Tuachane" ni kutaka au kupendekeza. Ni neno la jambo ambalo bado halijafanywa. "Nitakuacha" ni kitisho au ahadi, na kitisho hakivunji ndoa, ijapokuwa chavunja moyo. "Nimekuacha" ni tamko la jambo lililofanywa, na katika desturi ya pwani neno hilo baina ya mume na mke hujulikana kuwa ni la talaka. Huko Thika mtu aweza kumwambia mkewe aliyechelewa stendi, "Matatu imejaa, nimekuacha," na hali yenyewe yaonyesha kwamba amemwacha nyuma, hakumwacha ndoani. Lakini mume mwenye busara hujiepusha na neno hilo hata huko stendi, akasema "nimetangulia". Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba katika talaka, kama katika ndoa na kumrejea mke, mzaha huhesabiwa sawa na kweli. Wala hapana hasara yoyote katika kusema "nimetangulia".

Mwenyezi Mungu ametupa pia dawa, nayo imo katika Surat Nisaa, aya ya 35. Hapo limetumika neno jingine tena la kutofautiana, nalo ni shikaki, ambalo asili yake ni kila mmoja kushika upande wake. Ameagiza kwamba pakihofiwa shikaki baina ya mume na mke, apelekwe mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Zingatieni neno "pakihofiwa". Waamuzi hupelekwa dalili zinapoonekana, kabla ya mtu kufunga nguo. Na kwa ndoa kama hizi za Thika na Ruiru, kuwa na mwamuzi wa kila upande kuna faida nyingine: kila mmoja hukijua Kiswahili cha kwao. Mwamuzi wa upande wa mke atasema, "Kwetu neno hili lina uzito huu." Na yule wa upande wa mume atasema, "Kwetu neno hili ni la kawaida." Mara nyingi nusu ya mzozo huisha hapo.

Jambo likiwazidi nguvu waamuzi, iko mahakama ya Kadhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 170, imeipa mahakama hiyo mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa nayo. Mke aliyesikia neno asilolielewa asijihukumu mwenyewe, wala asihukumiwe na majirani. Na alichukue neno lenyewe kama lilivyotamkwa, bila kulitafsiri, alipeleke kwa Kadhi au kwa sheikh mwenye elimu ya mlango huu.

Kwa kumalizia twawausia wasomaji wetu mambo manne. La kwanza, wachumba watokao sehemu mbili na waulizane kabla ya akdi: kwenu mkikasirika husemaje? Swali hili ladhaniwa ni dogo, na twaona lastahili kuulizwa pamoja na swali la mahari. La pili, mume na mke wawekeane mpaka kwamba neno "kuacha" na watoto wake wote, kuachana, kuachika, nimekuacha, hayatatumika nyumbani katika mazungumzo ya hasira. Kiswahili ni kipana: yako "tunyamaze", "tuahirishe", "tuyaweke kando", "tutasema kesho".

La tatu, mwenye kupokea habari ya nyumba ya watu alirudishe neno kama alivyolipewa, au alishushe daraja moja. Akiambiwa wamegombana, na aseme hawakuelewana. Hapo hatakuwa ameongopa, na kusuluhisha baina ya watu ni jambo ambalo sharia imelipa nafasi pana katika maneno. La nne, tuwafunze watoto wetu visawe hivi pamoja na uzito wake. Mtoto wa Thika ajuaye kwamba tofauti si ugomvi, na kwamba ugomvi si uhasama, atakuwa mume bora au mke bora, hata kama hakupata alama nzuri katika insha.

Wazee walisema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Guu hupona kwa mafuta na kitambaa. Ulimi ukijikwaa katika mlango wa ndoa, wanaouguza ni watoto.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azidumishe nyumba zetu za pwani na za bara, atupe ndimi laini, na azijaalie tofauti zetu ziwe kama maji ya mito ile, yakipishana njia yakafika bahari moja. Wallahu a'lam. Tukutane juma lijalo, insha Allah.